Wokauti ya Wajomba

Baba alikuwa karani wa baraza la jiji na mtu wa chama cha wafanyakazi, kwa hiyo neno wokauti nililijua kabla sijajua kusonga ugali. Alinieleza mezani, mkate mkononi. Kule kwa Wazungu, alisema, wafanyakazi waliochoka kupuuzwa waliweka zana chini na kutoka kiwandani kwa miguu yao, wote pamoja, mchana kweupe, tajiri akiwatazama. Kwa Kiingereza ni kutembea, halafu nje. Hilo ndilo neno lote. Baadaye likahamia mikutanoni na bungeni. Miaka ile ya tisini, vyama vingi viliporudi, redio ililitaja mpaka watoto wa mtaa wetu wa Jericho wakalifanya lao: ukinyimwa zamu ya kupiga penalti, unafanya wokauti na kwenda kukaa kwenye ngazi ukiwa umenuna.

"Lakini mtu wa wokauti hajaondoka," Baba aliongeza. "Anayeondoka kabisa huondoka kimya. Huyu anataka afuatwe."

Mama alifariki nikiwa na miaka ishirini na miwili, mpiga chapa katika ofisi moja ya mjini. Sitadanganya kwamba nililia. Watu waliniambia pole, nikawajibu asante kwa sauti ile ile niliyotumia kupokea simu kazini. Mwili mzima ulikuwa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu, nami nilimshukuru Mungu kwa ganzi hiyo kwa sababu kulikuwa na vikombe vingi vya kuosha.

Kila jioni watu wa nyumbani walikutana nje ya nyumba yetu, chini ya turubai, kupanga safari ya kumpeleka Mama magharibi kuzikwa. Jumapili mkutano ulianza mchana, kwa sababu asubuhi hiyo wajomba watatu, ndugu zake Mama, walikuwa wamefika kwa basi. Kwetu, binti aliyeolewa akifa, neno la kwanza ni la ndugu zake. Wao ndio waliomjua kabla hatujamjua sisi. Wao wanasema kama wameridhika na alivyotunzwa, na wasiporidhika jeneza halishuki kaburini. Limeshawahi kukaa juu ya ardhi hadi giza likaingia, kwa watu wengine, na kila mtu pale chini ya turubai aliijua hadithi hiyo.

Mwenyekiti alikuwa binamu yake Baba, mtu mwema, karani kama yeye. Ofisi ilikuwa imemwingia damuni. Aliendesha matanga kama kikao cha idara: ajenda ya kwanza usafiri, ya pili chakula, ya tatu vipaza sauti. Mjomba mkubwa aliponyoosha mkono, mwenyekiti alimwambia kwa adabu zote kwamba wajomba watasikizwa kwenye Mengineyo.

Mengineyo! Ndugu wa marehemu wawekwe nyuma ya vipaza sauti, pamoja na mwavuli wa nani umepotea. Hakuwa na nia mbaya, na hilo ndilo lililonichosha zaidi.

Mjomba mkubwa alichukua kofia yake, akainuka. Wadogo zake wakainuka. Walipita katikati ya mabenchi mmoja mmoja, polepole mno kwa watu waliokasirika.

"Iandikwe kwamba wamefanya wokauti," mwenyekiti alisema. "Watu wa kuendelea bado tunao. Tuendelee."

Nilimtazama Baba. Yeye aliyenifundisha neno lile alikuwa akitazama ardhi katikati ya viatu vyake. Mfiwa hainuki mkutanoni wala hasemi. Anakalishwa kama mgonjwa na wengine wanamsemea. Alijua la kufanya na desturi ilikuwa imemfunga kitini.

Nilirudi kwenye karai la vyombo. Jirani yetu, mama mmoja wa Ukambani aliyekuwa akinisaidia, alikuwa ametoka kununua sabuni.

"Hao wajomba wako wamesimama pale kwa soko," alisema. "Basi zinapita, hawapandi. Hakuna mtu ataenda?"

Nilifuta mikono kwenye leso, nikaenda.

Niliwakuta kwenye kibanda cha mboga. Mjomba mkubwa alikuwa ameshika nyanya ambayo hakuwa na haja nayo, akiigeuza, na mwenye kibanda alikuwa ameanza kumwangalia vibaya.

"Anko, rudini tafadhali."

"Nani amekutuma? Mwenyekiti?"

"Hapana."

"Baba yako?"

"Hapana, Anko. Yeye ni mfiwa, hawezi kuinuka."

"Basi hatujaitwa," alisema, bila ukali, na akarudi kwenye nyanya yake.

Nilisimama pale. Nilikuwa nimechoka, na nilitaka mtu mwingine aje amalize jambo hili, lakini nyuma yangu hapakuwa na mtu.

"Ni Mama," nilisema. "Mama ndiye amenituma. Hana mwingine wa kutuma."

Mjomba aliirudisha nyanya pale alipoitoa. Akavua kofia, akaishika kifuani, akatangulia mbele yetu.

Tulipofika kwenye turubai, Baba alimwona shemeji yake, akainuka. Mtu fulani alimvuta koti ili akae. Hakukaa. Mwenyekiti alikatiza habari ya vipaza sauti na kumpisha mjomba mbele.

Nilirudi kwenye karai. Maji yalikuwa yamepoa. Kule mbele mjomba alianza kusema kwamba alipozaliwa dada yao yeye alikuwa mkubwa kiasi cha kumbeba, na kwamba dada huyo alikuwa mtoto wa kulia sana, akilazwa chini tu analia, kwa hiyo yeye alimbeba mpaka kwenda kuchunga. Kikombe kilianza kugonga ukingo wa karai, taa taa taa, nikashangaa ni nani anayekigonga. Jirani alinyoosha mkono, akaniondolea kikombe vidoleni, akanikalisha kwenye kigoda.

"Lia sasa," alisema. "Vyombo nitaosha mimi."