Sabuni ya Noeli

Ninaikumbuka sabuni ile, mwanangu, kuliko ninavyoikumbuka Noeli yenyewe. Ilikuwa sabuni ya kunukia, imefungwa utepe mwekundu, nayo ilikuwa mkononi mwa mama mkwe wangu, Wabiwa, ambaye alikuwa anaiinua juu ili ukumbi mzima uione. Watu walikuwa wanapiga makofi. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, mtoto mgongoni, na katika wake wa wavuvi wote mle ndani mimi peke yangu nilikuwa nasikia Kifaransa.

Madamu, yule mama wa Kibelgiji aliyetuongoza, alikuwa amesema hivi: zawadi ya usafi, kwa mama ambaye tunatumaini Noeli ijayo ataleta biskuti zisizo na harufu ya samaki. Mama Rozalia, mke wa karani, aliyekuwa mkuu wa komité, yaani kamati ya akina mama, na mtafsiri wetu, akameza mate, akageuza kwa Kiswahili: "Ni zawadi ya kutia moyo." Basi makofi.

Hapo ndipo uvumilivu wangu ulipokatika. Nilichukua sahani yetu ya bati nikaigonga mezani hata mtoto akashtuka na kuanza kulia.

"Kama biskuti zetu zinanuka, nani amezikula? Sahani iko tupu! Munionyeshe mutu mwenye alikula amefunga pua!"

Mama Rozalia akaninong'oneza, "Mama Asende, kaa chini. Ni zawadi tu."

"Ya nini?"

"Ya kutia moyo, nimesema."

"Moyo yangu iko muzima! Muangalie yenu!"

Nikatoka. Sikumuaga mtu.

Ngoja nikueleze tulifikaje huko, maana wewe umezaliwa wakati foyé ile imekwisha kuwa magofu. Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, Wabelgiji wangali hapa Baraka, kando ya ziwa. Foyé ilikuwa nyumba ya akina mama: kulikuwa na cherehani, kulikuwa na somo la kupika, na mara mbili kwa wiki kulikuwa na ubao na chaki kwa wale waliotaka kujua kusoma. Mimi nilikuwa nimesoma kwa masista mpaka shule ya walimu wa kike, jambo ambalo siku hizo watu walilitazama kama mbuzi mwenye pembe tatu. Niliolewa na mvuvi. Hilo nalo walilitazama.

Madamu alikuwa na mpango wake wa Noeli. Kwao, alisema, kabla ya sikukuu kila mama anaoka biskuti za aina yake, wanakutana, kila mmoja anazunguka meza na kikapu akichukua mbili tatu kutoka kila sahani, na mwisho kila nyumba inakuwa na biskuti za nyumba zote. Mimi niliupenda mpango ule, na sitakudanganya, naupenda mpaka leo. Kasoro ilikuwa zawadi. Kulikuwa na zawadi ya biskuti nyeupe kuliko zote. Kulikuwa na ya sahani iliyopambwa vizuri, na ya biskuti zinazofanana zaidi na za Ulaya. Sasa wewe niambie, biskuti ya muhogo itakuwa nyeupe saa ngapi, na imetiwa karanga na mawese? Wake wa makarani walikuwa na unga wa ngano na siagi ya mkebe, na wengine walikuwa na majiko ya kuokea ya chuma. Sisi tulikuwa na sufuria, mchanga chini yake, makaa juu ya kifuniko, na macho ya Wabiwa.

Na macho yale yalitosha. Alichanganya unga wa muhogo na ndizi zilizoiva mpaka zikawa nyeusi, akatia karanga za kusaga, mawese kidogo na sukari aliyoninyima mimi kwenye chai wiki nzima. Alioka katika jiko lile lile alilokaushia mukeke, samaki wa ziwa letu, kwa sababu lilikuwa jiko pekee tulilokuwa nalo. Harufu ilikuwepo, mwanangu. Sisemi haikuwepo. Nasema walikula zote, wakalamba vidole, kisha wakatupatia sabuni.

Wala si sisi peke yetu. Kulikuwa na mama mmoja wa mlimani, Mama Rakeli, watu wake ni wafuga ng'ombe. Alikuwa ameshuka kwa miguu na biskuti za siagi ya nyumbani, ile siagi ya kwao inayonukia hata ukiwa nje ya mlango. Naye alipewa sabuni. Yeye aliiweka mapajani akainama, akawa anaitazama kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake.

Kesho yake asubuhi nilimkuta Wabiwa uani anafua nepi za Asende. Kwa sabuni ile. Utepe mwekundu alikuwa ameufunga kwenye kilemba chake. Hasira ikanirudia upya.

"Mama, unajua hii sabuni balikupatia juu ya nini?"

"Najua."

"Unajua?"

"Rozalia alimeza mate mbele ya kusema. Mutu hamezi mate juu ya neno tamu." Akaendelea kufua. "Balisema tunanuka samaki. Na mi ninanuka samaki. Bwana yangu alikuwa muvuvi, mutoto yangu iko muvuvi. Ulitaka ninuke maua?"

"Sasa kwa nini uliinua juu? Kwa nini ulicheka?"

Akakamua nepi, akaitundika kwenye kamba, akapangusa mikono. Alikuwa mwanamke mfupi, lakini akisimama mbele yako ulijiona umekaa.

"Niliinua ili Madamu aone sikuvunjika. Halafu nilitaka kukaa, nile biskuti za bengine, nitembee na kikapu kama batu. Ni weye uliniharibia." Akanitazama vizuri. "Sikiliza, Mama Asende. Hasira yako ilikuwa na haki. Lakini we uliitoa yote pale kwa meza, na leo Baraka muzima banaongea juu ya nini? Banaongea juu ya sabuni? Hapana. Banaongea juu ya kelele yako. Mwenye alisoma kwa masista alivunja sahani."

"Sikuvunja sahani!"

"Leo ulivunja. Kesho itakuwa ulimupiga Madamu."

Nikataka kucheka na nikashindwa. Kwa sababu alikuwa na sababu ya kuniambia hayo, na mimi niliijua. Wabiwa, na umri wake ule, alikuwa mmoja wa wale wa ubao na chaki. Alitaka kuandika jina lake. Tangu kiangazi alikuwa ameshika herufi tatu za kwanza, na alikuwa anaziandika kila mahali: kwenye majivu, kwenye mchanga wa ufuo, kwenye unga kabla ya kuukanda. Na asubuhi ile ile jirani alikuwa amepita kusema kwamba komité itakutana baada ya mwaka mpya kuamua kama wake wa wavuvi waendelee kuja foyé, maana wanaleta fujo. Fujo ilikuwa mimi. Atakayefungiwa mlango alikuwa yeye.

"Nitaenda kuomba msamaha," nikasema.

"Juu ya nini? We hukukosa." Sauti yake ikawa kali kwa mara ya kwanza. "Juu ya sahani, sawa, omba. Juu ya sabuni, hapana. Utaenda useme tena, neno lile lile. Lakini sasa useme kama mutu mwenye anataka kujibiwa. Usimuite mutu jina baya. Useme kitu gani kilifanyika. Useme tunataka nini. Halafu unyamaze, hata kama kunyamaza kutakuuma tumbo."

"Na wakikataa?"

"Basi batakataa maneno yako. Sasa hivi banakataa kelele tu, na kelele ni rahisi kukataa."

Mwanangu, nilikuwa na shule yote ile na hakuna sista aliyenifundisha hilo. Nilikaa siku kadhaa nikiandika na kufuta. Niliandika kwa Kifaransa kwa ajili ya Madamu na kwa Kiswahili kwa ajili yetu, ili mtu asimeze mate katikati. Nilimtafuta Mama Rakeli kwa ndugu zake aliokuwa amefikia, nikamsomea. Alisikiliza yote, kisha akasema maneno machache: "Uongeze siagi. Waseme siagi yangu ina kosa gani." Nikaongeza.

Siku ya komité tulisimama watatu. Niliomba msamaha juu ya sahani, kwanza kabisa, ili jambo hilo liishe. Kisha nikasoma. Mtoto alikuwa mgongoni kwa Wabiwa, na ninaamini alimbana makusudi asilie. Nilipomaliza nilinyamaza, na kweli tumbo liliniuma.

Madamu alikuwa amekuwa mwekundu mpaka shingoni. Usimchukie, mwanangu. Nilimchukia miezi mingi na haikunisaidia hata kusonga ugali. Aliuliza kitu kimoja tu, taratibu, kama mtu anayehesabu tena vitu alivyovipanga mwenyewe: "Zote ziliisha? Sahani yao ndiyo iliisha kwanza?" Na unajua nani alijibu? Mama Rozalia. Alisema, "Ndiyo, Madamu. Mimi mwenyewe nilichukua biskuti ine, nikaficha mbili kwa mukoba." Akaanza kucheka, akashindwa kujizuia, na ukumbi wote ukacheka, hata Mama Rakeli ambaye sikuwahi kuyaona meno yake.

Hawakutufungia mlango. Noeli iliyofuata sahani zilifunikwa vitambaa, na walioonja hawakujua ya nani ni ipi. Usidhani Wabiwa alishinda. Alishinda Mama Rakeli na siagi yake, akapewa bati la kuokea, akarudi nalo mlimani kichwani kama taji. Wabiwa hakupata kitu, na njia nzima ya kurudi alisema waliofunikwa vitambaa walikuwa waonjaji, si sahani. Lakini jina lake aliliandika, lote, kabla ya kiangazi kingine. Liliandikwa kwenye mlango wa jiko kwa kaa la moto lililozimika, na mume wangu alikatazwa kulifuta hata nyumba ilipopakwa chokaa.

Sasa nakwambia wewe, kwa sababu nimesikia ulivyopaza sauti juzi pale ofisini kwa sababu ya mtoto wako, na nimesikia watu wanasimulia sauti yako wala hawasimulii kilichompata mtoto. Hasira yako siikatazi. Nilikuwa nayo, ninayo, nitazikwa nayo. Lakini usiitoe yote mara moja mbele ya watu wanaosubiri kuiona. Nenda nyumbani, fua nguo, kisha urudi ukiwa na maneno ya kujibiwa. Sema kilichotokea. Sema unachotaka. Na kama kuna mzee nyuma yako ambaye atalipia kelele zako, mfikirie yeye kwanza. Mungu akupe koo lenye nguvu na mdomo wenye subira. Akupe mtu wa kukukemea uani bila kukuaibisha. Mtoto wako akue, na siku moja akuandikie jina lako mahali ambapo hakuna wa kulifuta.

Na kwa kuwa najua utaniuliza nilisoma nini siku ile, haya ndiyo maneno yenyewe. Nayajua kwa moyo.

"Kwa komité ya foyé, na kwa Madamu. Sisi ni akina mama watatu, wawili wa ziwani na mmoja wa mlimani. Tunaleta malalamiko juu ya zawadi za Noeli. Tulialikwa kubadilishana biskuti. Tulileta biskuti zetu, zikaliwa zote mbele ya macho yetu. Kisha tukapewa sabuni, na tukaambiwa mbele ya watu kwamba tunanuka. Aliyealikwa kula pamoja hapewi sabuni. Hiyo ilituumiza, na tunasema imetuumiza.

Tunaomba zawadi ya weupe iondolewe, kwa sababu muhogo hauwezi kuwa ngano na haukuomba kuwa. Tunaomba iwepo zawadi ya sahani inayoisha kwanza. Iwepo zawadi ya biskuti za vitu vya hapa: muhogo, ndizi, karanga, na siagi ya ng'ombe, ambayo haina kosa lolote. Iwepo ya biskuti ambayo bibi asiye na meno anaweza kuila. Na atakayemfundisha mwenzake kuoka apewe kuliko wote. Tunaomba zawadi iwe kitu cha kupikia, ili asiye na bati alipate, badala ya kumpa bati la pili yule aliye nalo. Tunaomba waonjaji wasijue sahani ni ya nani, na kila mwaka mmoja wao awe mke wa mvuvi.

Tunaomba pia tuendelee kuja kujifunza kusoma, kwa sababu mmoja wetu amefika herufi ya tatu na hawezi kuishia hapo.

Mama Wabiwa ameniagiza niongeze neno moja, nami naliongeza kama alivyolisema: sabuni haturudishi. Imekwisha kufua nepi, na ilifua vizuri."