Programu Mbili na Mama wa Bwana Harusi

Dada yangu na mimi tulikuwa na studio ya picha mjini Mwanza, miaka ile ya tisini biashara zilipofunguliwa na maduka yakaanza kujaa vitu ambavyo zamani tulivisikia tu. Tulinunua kompyuta ya mtumba pamoja na skana iliyonguruma kama mashine ya kusaga, na tangu siku hiyo hatukuelewana.

Tulibishania programu ya kurekebisha picha. Dada alikuwa amejifunza Nairobi kwa programu ya kulipia, na muuzaji wa kompyuta alimpa diski ya majaribio, ya kutumia kwa muda tu. Mimi nilipewa nyingine na mwalimu mmoja wa chuo. Hiyo ilitengenezwa na watu wa kujitolea, na yeyote aliruhusiwa kuinakili bure, hata kuibadilisha.

"Cha bure kitatuaibisha mbele ya wateja," dada alisema.

"Na hicho chako muda wake ukiisha?"

"Tutanunua."

"Labda tuuze skana."

Alicheka, lakini hakukubali.

Ndipo akaja kijana mmoja ambaye tulipiga picha za harusi yake kule Ilemela. Alikuja na mama yake, aliyevaa gauni jipya la kijani. Siku ya harusi kivuko kiliharibika, mama akakwama Busisi, ng'ambo ya ziwa, na gauni lake hilo, akiyatazama maji mpaka jioni.

"Shikamoo mama," tulimwamkia.

"Marahaba wanangu. Naambiwa mna mashine ya kunirudisha kwenye harusi."

Tulimpiga picha, tukaahidi kumweka kwenye picha ya harusi. Dada akamweka kwa programu yake, mimi kwa yangu. Yake ilikwenda haraka na rangi zikatulia. Mimi nilihangaika kutafuta vifaa kwenye madirisha yaliyozagaa kila kona, na mara mbili kompyuta iliganda. Kusema kweli, ya dada ilipendeza zaidi.

Mama aliporudi tulimwonyesha zote mbili. Akazitazama kwa makini, kisha akakunja uso.

"Mbona mmeniweka pembeni kama jirani aliyepita njia? Mimi ndiye niliyemzaa!"

Kweli, sote wawili tulikuwa tumemsimamisha mwisho wa mstari, penye nafasi. Alitaka kukaa katikati, kati ya mwanawe na mkwewe. Dada akaenda kuwasha programu yake, ikakataa kufunguka. Muda wa majaribio ulikuwa umekwisha.

Akavuta kiti karibu na changu. "Haya, fungua hicho cha bure."

Nilishika mausi, yeye akawa jicho. "Msogeze bi harusi. Bega la mama lipite mbele kidogo. Punguza mwanga usoni, yeye alipigwa picha ndani." Siku nzima tulibishana na kucheka, na mchana tulikula mihogo palepale mezani.

Mama alipoiona picha alipiga vigelegele mpaka fundi cherehani wa jirani akaja kuchungulia. "Sasa nimemwoza mwanangu!" akasema, akaagiza nakala za ndugu wote wa ng'ambo, kule Busisi.

Programu ya kulipia hatukuinunua mwaka ule. Dada aliendelea kulalamika kwamba yangu ina madirisha mengi kuliko shule, lakini asubuhi nikichelewa nilimkuta tayari ameifungua, anamfuta mtu chunusi huku anaimba.