Bati la Bafuni na Mjukuu wa Mama

Jamani, leo nacheka, lakini siku ile nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kwetu ni chini ya mlima huku Sekenke, mtandao haufiki uani, ukitaka simu ya video upande mwambani, na mama kwa mguu wake ule mbovu hapandi. Dada alikuwa amejifungua ukweni Mbeya, mjukuu wa kwanza, na mama hajamwona hata sura. Iliniuma. Basi mimi (mjuaji wa ukoo) nilishasikia kwenye semina mjini kwamba siku hizi kuna vibao vya kisasa vinavyodaka mawimbi ya mtandao na kuyageuza yafike kule yanakozuiwa, tena vinaongozwa na kompyuta, nikajisemea kompyuta sina ila bati lipo, nikachukua lililobaki tulipoezeka, nikalisimamisha juu ya kichuguu panapoonekana mnara wa simu, nikaligeuza huku na huku mpaka simu pale uani ikasoma mtandao kidogo. Mama akapiga vigelegele, majirani wakajaa, nami nikatoa mhadhara: "Tukiongeza bati, hapa patakuwa kama Manyoni mjini!"

Kauli hiyo ndiyo iliyoniponza.

Nilikuwa vumbi tupu, nikaingia bafuni (bafu letu ni mabati tu, halina paa) nioge kabla dada hajapiga. Akapiga mapema. Nikiwa na povu mpaka machoni nikamsikia mama, "Picha imeganda! Mtoto simwoni!" kisha mjomba, mtu mwema asiyeweza kuvumilia machozi ya dada yake, "Si alisema tuongeze bati?" Sijajibu, kwaa! Ukuta wa bafu ukaondoka na mjomba kuelekea kichuguuni.

Na mtandao, jamani, ukakubali! Nilipofumbua macho, simu imeegemezwa kwenye kinu, mama yuko mbele yake, mimi nyuma ya mama, na kwenye kioo dada, mtoto, na baba mkwe wa dada na kofia yake, ananitazama. Sasa mkubwa utampitaje bila salamu? "Shikamoo, baba," nikasema, kopo likiwa pale linapohitajika.

"Marahaba, mwanangu. Oga tu."

Nikachutama. Hata hivyo hakuna aliyeniangalia tena, maana mama alikuwa anapapasa uso wa mtoto kwenye kioo, "Huyu baba yenu kabisa! Oneni hilo paji." Baba tulimzika mwaka jana. Nikalia pale pale, povu likinikaukia.

Bati mama amegoma kulirudisha, naoga nyuma ya kanga. Na naapa, sitamweleza tena mjomba sayansi kabla sijaoga na kuvaa.