Bibi Yangu wa Kabambare

Mama mwenye kuzaa mama yangu alikuwa ananiita bwana yake. "Bwana, umelewa wapi? Bwana, onesha mikono, umenawa?" Na mimi namuita bibi yangu, sawa vile mutu anaita mwanamuke mwenye alioa. Ni mchezo wa tate, ni kusema mama ya mzazi, na wajukuu wake, kila mutu wa Kabambare anaujua. Mimi niliubeba mpaka Kasongo, mu atelye ambamo natengeneza pikipiki. Kule nikichelewa, ni bibi yangu wa Kabambare alinikatalia kuamuka. Nikivaa shati mupya, ni yeye alituma. Watu wa piki wakaamini niko na mwanamuke kule. Wengine wakaanza kuuliza kama iko na mudogo wake.

Ile siku telefone ikalia. Mama mukubwa akasema: "Tate amekwenda. Tunazika kesho saa sita. Ukuje, mulango iko yako."

Kwetu maiti ya tate haitoke mu nyumba mbele ya mujukuu mwenye alikuwa bwana yake kuziba mulango. Unalala palepale chini, unakataa, unachekesha watu, mpaka wakupe kuku, ndipo unamuachilia. Bwana alikuwa mimi peke yangu. Nisipofika, wangemutoa sawa mutu mwenye hakuwa na watu wake.

Nikaenda kwa patro, mwenye atelye. "Patro, bibi yangu amekufa. Niazime piki yako."

Atelye yote ikacheka. Patro akacheka mpaka akashika kofia yake isianguke. "Pole, baba. Sasa watarudisha mahari, ao watakupa mwingine?"

"Atakufa tena wiki ijayo!" mwenzangu mumoja akapiga kelele toka chini ya piki.

Ningesema "tate", neno moja tu, wangenyamaza. Sikusema. Mudomo ilikuwa kama ya mutu mwingine.

Na ile piki ya patro ilikuwa imelala, moteri wazi. Alitaka ipate nguvu ya kupanda na mizigo mpaka Wamaza, akaleta supape, vali za moteri, kubwa kupita zile zake. Watu wa piki wa kwenda Kabambare walikuwa wameshatoka na asubuhi. "Maliza hiyo kulasi," patro akaniambia, "kisha uende ukalie bibi yako vizuri." Basi nikaikalia.

Kulasi ni kichwa cha moteri. Ndani yake supape zinapanda na kushuka mu kabomba kadogo, tunakaita gide. Gide za zamani zilikuwa zimeliwa, na supape mupya zilikuwa nene. Viti vya supape, pale zinakaa zikijifunga, nilikuwa nimeshavichonga jana yake, zikabakia gide. Nikatoa zile za zamani na nyundo. Tukawasha grupu ya umeme, nikachonga zingine na mashine mu kipande cha bronzi ya pompi iliyokufa. Inje inapaswa kuwa nene kupita tundu lake, kidogo tu, sawa unywele. Chenye kinaingia bure kinatoka bure.

Kisha nikapeleka gide kwa mama jirani mwenye anauzisha sukre, soda za chupa, akaziweka mu frigo, katikati ya chupa. Kulasi nikaiweka juu ya mbabula ya makaa. Baridi inakondesha gide, moto inafungua tundu. Zikaingia bila ugomvi. Nilishika kulasi na kitambaa kimoja, haikutosha, ngozi ya kidole ikageuka nyeupe. Niliiona tu.

Nikapitisha chuma ya kupanulia ndani ya gide, na mafuta, polepole, naizungusha upande umoja tu, maana ukiirudisha nyuma inakwaruza. Nikaingiza supape, nikaziba gide na kidole kule ngambo, nikaivuta: po! Ile sauti ikitoka, ujue imeshikana vizuri. Siku zingine naruka na furaha.

Mwisho ni kofia. Ni kampira kenye kanavaa juu ya gide, mafuta isishuke ikaungua, piki ikatoa moshi. Supape iko na mukato kule juu, unaweza kupasua mupira. Kwa hiyo unaivalisha kwanza karatasi ya nailo ya pakiti ya sigara, ndipo unashusha kofia, unasukuma na kidole mpaka ikubali. Kila nikivalisha moja nasemaga: "Salam alekum, shehe!" Patro ni mutoto wa Waswahili wa zamani wa hapa Kasongo, kofia nyeupe haimutoke hata akiwa chini ya piki. Anajibu na meno imefungwa: "Alekum salam, shetani we." Kila siku, kila kofia.

Nikavalisha ya kwanza. Nikavalisha ya pili. Nikachukua kitambaa, nikapangusa meza.

Patro akasimama karibu yangu. "Mbona haujamusalimia?"

"Nani?"

"Shehe."

"Nimesahau."

Akaniangalia. Akaangalia ile kidole. Kisha akauliza na sauti ya chini: "Huyu bibi yako, alikuzalia nani?"

"Mama," nikasema.

"Inna lillahi," patro akasema. Hakuna mwenye alicheka tena. Akanisukuma na bega, akafunga kulasi yeye mwenyewe, akaweka esansi mu tanki, akanipa koti yake. Kulipopambazuka nikatoka. Piki haikutoa moshi hata kidogo. Ilipanda vilima sawa inateremuka. Njia ilikuwa matope na madaraja ya miti, na mimi nilikuwa juu yake, ni hivyo tu.

Nilikuta wameshainua sanduku.

"Bwana huyu hapa!" mama mukubwa akalia. "Mungojee, alale!"

Nikalala mu mulango. Watu wakasogea, wananiangalia.

"Sema, we bwana!"

"Munamupeleka wapi?" nikasema. "Aliniambia anaenda kuomba chumvi kwa jirani. Ugali inapoa."

Wakacheka. Mama mukubwa alicheka mpaka akakaa chini, na pale chini ikageuka kilio, na wengine wakamufuata. Mimi nilikuwa naangalia sanduku toka chini. Fundi hakupiga randa ule upande.

Wakaleta kuku. Nikaipokea, nikaamuka, nikasogea pembeni. Wakapita naye.