Shuka za Mpishi

Dobi huyu mtaani walimwita Kimya, na hawakumsingizia. Miaka ishirini na mitatu amefua nguo za watu, na aliyoyaona kwenye nguo ya mtu hayakuwahi kupita mdomoni mwake. Hata mkewe hakuambulia kitu.

Jumatatu mpishi wa shule ya chekechea alileta shuka mbili zilizolowa jasho. Kimya akajua ana homa. Jumatano zikaja tatu, zimekunjwa kwa ndani. Alipozikunjua akakuta doa. Halikuwa doa la choo tu. Lilikuwa na utelezi kama makamasi, na ndani yake michirizi ya damu.

Doa kama hilo aliliona kwenye shuka za kaka yake, mwaka ule alioponea chupuchupu. Nesi aliwaambia: homa, tumbo la kunyonga, kwenda chooni kila mara na kutoa choo kidogo tu, tena chenye damu. Mgonjwa wa hivyo awahi hospitali, na asishike chakula cha watu.

"Mbona umeganda?" mkewe akauliza. "Umeona nyoka?"

"Hapana."

"Basi fua, jua halikungoji wewe."

Akazichemsha shuka, akajisugua mikono kwa sabuni mpaka ikawasha. Moyo haukutulia. Mjukuu wake alikula pale shuleni kila siku. Lakini ataanzaje? Amwambie mwanamke mzima kwamba ameona choo chake? Alhamisi nzima maneno yalimfika kooni, akayameza.

Ijumaa asubuhi akajikaza, akaenda. Alimkuta mpishi jikoni, mkono mmoja umeshika tumbo, mwingine unapanga vipande vya papai kwenye sinia. Macho yalikuwa yamebonyea.

"Heh, Kimya mwenyewe," mpishi akasema. "Leo umekuja kuongea?"

"Mama," Kimya akasema, macho sakafuni, "unaharisha damu?"

Kisu kikatua mezani.

"Ni tumbo tu, baba. Nimekunywa tangawizi, litaacha."

"Tangu lini?"

"Jumapili."

"Na ukienda chooni, unatoka umemaliza?"

Mpishi akatikisa kichwa, taratibu.

"Basi hilo si tumbo tu. Nenda hospitali sasa hivi. Na sinia hilo lisitoke humu."

Mpishi akalitazama sinia kama vile kuna mtu mwingine aliyelipanga.

"Hili ni la pili," akasema. "La kwanza wameshalimaliza."

Mwalimu akachungulia mlangoni, daftari la mahudhurio mkononi.

"Mama, leo usipike kingi, wamekosekana sita. Ah, babu, afadhali umekuja. Mjukuu wako ameomba kwenda chooni mara ya nne sasa."

Kimya alivuka ua akiwa karibu kukimbia, akagonga mlango wa choo cha watoto.

"Ni mimi, babu yako," akasema. "Usimwage maji kwanza. Nataka kuona."