Jino la Zambarau

Fundi yule wa meno alikuwa na vidole vinene kama vya mwashi, na kabla ya kugusa chochote alivipuliza. Alipitisha kamera nyembamba kama kalamu kinywani mwa shangazi wa msichana mmoja, meno yakajichora yenyewe kwenye kompyuta. Kisha akaanza kulichora upya lile lililovunjika, akiligeuzageuza kwenye skrini na kulinong'oneza, “Polepole, baba, polepole,” kana kwamba linasikia maumivu. Msichana huyo, aliyemsindikiza, alisahau hata kufunga mdomo. Wiki mbili sasa shangazi, ambaye ni mwalimu, alikuwa akicheka kwa kujifunika kiganja, maana wanafunzi walishambatiza jina la Dirisha kwa pengo lile. Fundi akabonyeza kitufe. Mashine ikanguruma, ikarusha maji, ikakitafuna kipande cha kauri hadi kikawa jino. Akalitoa, akalipuliza nalo, akaliinua kwenye taa. Zambarau!

“Shangazi, kataa! Sasa watakuita Bilinganya!”

Fundi alilitia jino kwenye tanuri dogo, akaifuta mashine, akaketi mikono katikati ya magoti, kama mtu anayengoja mgonjwa wake azinduke. Tanuri lilipofunguka, msichana alishika kichwa: moto ulikuwa umeila zambarau yote, na jino lilikuwa na rangi ile ile ya meno ya shangazi. Fundi akalipachika. “Haya, mwanangu, langu ni lipi?” Msichana akaonyesha bila kusita. “Hilo kaumbwa nalo,” fundi akasema. Shangazi akaangua kicheko, na kiganja chake kikabaki mapajani. Fundi akageuka upesi, akaanza kuifuta mashine aliyokwisha kuifuta.