Mwaka Wimbo wa Choo Ulipotoroka

Watu wengine wakitaja mwaka mkubwa wa muziki hutaja bendi fulani, au gitaa fulani, au mwimbaji aliyekufa kijana. Sisi wa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, tunataja choo.

Ulikuwa mwaka ule helikopta zilipoanza kupita juu ya minazi, asubuhi zinakwenda, jioni zinarudi, zikipeleka watu kwenye meli za kutafuta gesi. Kila mwenye banda la kuku alianza kuliita nyumba ya wageni. Na ndio mwaka huohuo muziki ulipohama kwenye kaseti ukaingia kwenye simu. Mambo hayo mawili yalikutana kwenye harusi ya mdogo wangu wa kike, na mpaka leo nikipita sokoni hakosekani mtu wa kunikumbusha.

Wakati huo nilikuwa na kibanda pembeni ya soko: meza, kompyuta iliyovuka mto Ruvuma kutoka Tanzania ikiwa tayari imezeeka, jenereta, na spika moja yenye kukoroma. Kazi yangu ilikuwa kutia nyimbo kwenye kadi za simu. Mteja anataja anachotaka, bongo fleva, taarabu, pasada, mimi natia. Akilalamikia bei, simpunguzii. Namwongezea wimbo ambao hakuutaka, anaondoka akijiona kashinda. Kabla ya kumrudishia kadi nilihesabu nyimbo mara mbili, kwa sababu yeye angehesabu mara tatu.

Mama yetu alifariki sisi wadogo, tukalelewa na mama mdogo. Yeye aliongoza kikundi cha wanawake wa matari, na kwenye harusi zetu kikundi si pambo. Upande wa bibi harusi huja na chake, upande wa bwana harusi na chake. Wa bibi harusi huanza kwa wimbo mpya kabisa, wenye uchokozi wa kutosha. Wenzao hujibu palepale, kwa akili waliyokuja nayo. Kisha kikongwe wa upande wa bwana harusi humfunga kapulana mpya, kitenge chetu, kiunoni kiongozi aliyeshinda, na kikundi hicho peke yake ndicho kinachompeleka bibi harusi kwa mumewe. Walioshindwa hubaki kusugua sufuria za pilau, na pilau ya harusi hushika chini.

Mama mdogo alitaka jambo moja tu: yule mtoto aliyemlea amfikishe mlangoni mwenyewe, akiimba. Sufuria, alisema, atazigusa siku yake ya kufa, na siku hiyo pia atatafuta udhuru.

Upande wa pili uliongozwa na shangazi wa bwana harusi. Mama huyu alikuwa amejenga vyumba vya kupangisha wageni wa gesi, akaagiza kutoka Mtwara choo cha kukalia, cheupe kama jino. Kilifika juu ya lori mchana kweupe, hakikufunikwa hata na gunia, mji mzima ukakiona kikiingia kama mheshimiwa. Ila wageni walilala kwenye meli zao, na bomba la maji halikufika. Mpangaji wa kwanza akawa kuku, aliyepaona pazuri pa kutagia.

Mama mdogo angeachaje jambo kama hilo? Alitunga:

Kiti cheupe chang'ara, mkaaji hajashuka,
Mgeni yuko melini, haja yake ameshika,
Kuku kapanda kakaa, naye kodi hajaweka.

Sasa, kwa vile jibu hutolewa palepale, wimbo mpya ni siri. Zamani kikundi kilirekodi mazoezi kwenye kaseti moja, mama mdogo akaifungia sandukuni, ufunguo akautia kwenye ushanga wa kiunoni. Siku ya harusi ikifika ndipo dunia isikie. Mwaka ule karibu wote walikuwa na simu, wakarekodi kwa simu ya mmoja wao. Mama mdogo akafanya vilevile: akaichomoa kadi, akaifunga kwenye leso, leso akaitia sandukuni, akafunga kufuli. Kabla ya hapo wenzake walimwomba kila mmoja apate wa kujifunzia nyumbani, wakarushiana kwa blutuzi. Aliwaruhusu. Kwa hesabu yake kilichopita hewani ni sauti tu. Wimbo wenyewe uko sandukuni.

Harusi ilikuwa imekaribia alipokuja kijana mmoja kutoka kijiji cha Mute.

"Mano, kaka yangu, nitilie ile ya choo."

"Choo gani?"

Akatoa simu ya mwenzake, akabonyeza. Akaimba mama mdogo wangu, na kikohozi chake kilekile pale kwa mgeni.

"Umeipata wapi hii?"

"Mute nzima wanayo. Kule Diaca kuna mtu kaifanya mlio wa simu. Akipigiwa na mkewe, kuku anapanda."

Nilifunga kibanda. Mama mdogo nilimkuta anachambua mchele. Nilipomweleza aliinuka, akafungua sanduku, akafungua leso, akaniwekea kadi kwenye kiganja.

"Huu hapa. Haujatoka."

"Mama, huo ni mmoja. Nyingine ziko kwenye simu za watu."

"Nyingine zimetoka wapi, na wenyewe uko hapa?"

"Mliporushiana, kila aliyepokea alipata wake mzima. Naye kamrushia mwingine."

"Kwa hiyo sasa ziko ngapi?"

"Hazihesabiki."

"Wewe? Wewe unahesabu hata punje za chumvi, leo hazihesabiki?" Akafunga sanduku kwa kishindo. "Basi kazikusanye."

Ukiambiwa na mama kakusanye, unakusanya. Nilitangaza kibandani: atakayefuta wimbo wa choo mbele yangu nitamtilia nyimbo mbili bure. Niliona nimepata bei ya kiungwana. Foleni ilifika kwa wauza dagaa. Watu walifuta kwa uchangamfu ambao ulipaswa kunishtua. Mchana nilihesabu waliokwisha kufuta, nikarudia kuhesabu: walikuwa wengi kuliko simu za Palma, hata ukijumlisha ya administradori wa wilaya. Nikazunguka nyuma ya kibanda. Walikuwa wamechuchumaa pale, waliofuta wanarushiwa upya na ambao hawajafuta, kisha wanarudi mwisho wa foleni. Mzee mmoja alikuwa hata hana wimbo huo tangu mwanzo.

"Subiri kidogo, mwanangu," akaniambia, simu kaielekeza kwa jirani yake. "Huyu ananitumia sasa hivi, nije nifute."

Nilipiga kelele, nikafukuza watu, nikavunja foleni. Alibaki mama mmoja aliyesimama kwa adabu zake, kitambaa safi kichwani. Shangazi wa bwana harusi.

"Mkwe," akasema, "na mimi nifutie."

"Shikamoo, mama. Kumbe umeusikia?"

"Marahaba. Nimeusikia? Nimeshaujibu."

Akanyoosha simu. Nikafuta kwa mkono wangu. Nikamtilia nyimbo mbili. Akadai wa tatu kwa usumbufu alioupata, na aibu ikanifanya nikubali, jambo ambalo halijapata kunitokea tena katika biashara.

Fikiria hasara hiyo. Tangu tulipozaliwa uchokozi ulitangulia na jibu likafuata likihema. Mwaka ule jibu lilikuwa limeshonewa sare kabla uchokozi haujatoka sandukuni. Mama mdogo nilipomwambia aliuliza swali moja: "Jibu lake zuri?"

"Sijalisikia."

"Litakuwa zuri. Yule ana ulimi." Akatupa chuya moja. "Basi sitauimba."

Nilifurahi, kwa sababu hilo ndilo lingekuwa shauri langu. Mtu akija na hela mkononi tayari, usimtajie bei. Mwache azungumze yeye.

Siku ya harusi ua ulijaa. Wanawake wa upande wa bwana harusi walikaa mstari mmoja, msiro mweupe wa urembo umewakaa usoni, kapulana za rangi moja, matari mapajani, na nyuso za watu waliobeba kitu kitamu mfukoni. Kikundi chetu kikaanza. Mama mdogo akaimba wimbo wa kumsifu bwana harusi na ukoo wake, wimbo wa zamani, mpole kama uji wa mgonjwa. Akamaliza, akaketi, akapanga mikunjo ya nguo yake.

Wale wakatazamana.

"Imba basi," akasema shangazi wa bwana harusi.

"Nimeimba, mkwe."

"Ule mwingine."

"Upi?"

"Unaujua."

"Sisi tumewasifu. Kama kuna mwingine, nikumbushe."

Ua ukaanza kucheka, kwa sababu hakuna aliyekuwa haujui, watoto kwa wazee. Mtu akapiga kelele toka nyuma, "Ule wa choo!" Mama mdogo akageuka kwa mshangao wa mtu aliyetukanwa.

"Choo? Kwenye harusi?"

Shangazi wa watu akajaribu. Alisimama akaanza jibu lake:

Bora mimi nina kiti, wenzangu mwachuchumaa...

Lakini jibu bila swali ni majivuno tu. Ilikuwa kana kwamba kasimama katikati ya harusi ya watu kujisifia choo, na hakuna aliyemuuliza. Akakatiza. Akatutazama sote. Kisha akafanya jambo ambalo sijaliona kabla wala baada yake: akachukua tari, akaanza kuuimba wimbo wa mama mdogo, yeye mwenyewe, ili apate cha kujibu. Kiti cheupe chang'ara. Mgeni yuko melini. Alijitukana kikamilifu, hakuacha neno, akafika kwa kuku na kuku akampandisha vizuri. Halafu akajijibu:

Bora mimi nina kiti, wenzangu mwachuchumaa,
Magoti yenu yalia, mkiinuka kwa-kwa-kwaa.

Ua ulilipuka. Mwanamume mmoja mtu mzima aliinuka kuonyesha magoti yake, yakalia kweli. Nikamtazama mama mdogo nikijua tumeshinda, maana mtu gani anampa kapulana aliyejitukana mwenyewe? Ilimbidi akae kimya tu. Kukaa kimya, basi.

Akasimama.

"Hapana," akasema. "Hapana, mkwe. Umeuharibu. Pumzi huikati pale kwa mgeni. Ukikata pale, mgeni anazama."

"Mimi nimeusikia hivyo."

"Umesikia kikohozi changu! Hapo nilikohoa!"

Na akauimba. Mbele ya wakwe, mbele ya ukoo mzima aliotoka kuusifu, akauimba kama ulivyotungwa, pumzi mahali pake, na ua mzima ukaitikia pamoja naye. Hilo lilikuwa geni kwetu: wimbo mpya, siku ya kwanza, na kila mtu anaujua. Niliona uso wake ulipowasikia. Alikaribia kukosea.

Bibi wa bwana harusi, mwenye hukumu, alikuja na kapulana imekunjwa begani.

"Wimbo wa nani?"

Kukubali ni kukiri kwamba kamtukana mkwe. Kukataa ni kuzipokea sufuria.

"Wangu."

"Mbona hukuimba tangu mwanzo?"

"Mlikuwa nao wote, mama. Ningewaletea nini?"

Kikongwe akaingiza mkono kifuani, akatoa simu ndogo, akaionyesha ua. "Hata mimi ninao," akasema, na akamfunga mama mdogo kapulana kiunoni.

"Na mimi niliyeimba zote mbili?" shangazi wa bwana harusi akalia.

"Wewe una kiti. Kakae."

Hivyo mama mdogo akampeleka mdogo wangu kwa mumewe, kwa miguu, katikati ya mchanga wa mtaa, matari mbele. Aliimba njia nzima na sauti ikamkauka kabla ya kufika, akawa anaimba kwa midomo tu, wenzake wakimjazia. Mlangoni bwana harusi alikuwa ameshanyoosha mkono. Mama mdogo alikuwa bado amemshika mtoto wake.

"Mwachie, mkwe," kikongwe akasema.

"Namwachia," akasema kwa sauti iliyokwisha, na hakumwachia.

Mimi kazi yangu ni kuharakisha watu wafikie bei. Pale nilimwacha avute muda.